Mkaa wa taka za nyumbani Mpanda: hesabu ya kupiga kabla kikundi hakijakopa mashine

Kikundi cha akina mama au vijana kinachotafuta mradi siku hizi hakikosi kusikia habari ya mkaa mbadala. Taka zipo, hazinunuliwi, na mtaani zinanuka. Mkaa unahitajika karibu kila nyumba. Ukizigeuza taka hizo kuwa mkaa umesafisha mtaa, umeupumzisha msitu na umepata hela. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri nayo, iliyosimamishwa Aprili 2023, ilirejeshwa mwaka 2024: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kinachoonekana kubaki ni kuandika andiko na kuagiza mashine.

Mkopo hauna riba, lakini unarejeshwa. Mashine ikishanunuliwa, marejesho hayasubiri soko. Kwa hiyo msikilizaji, kabla kikundi chako hakijatia saini, hebu tukae chini tupige hesabu ambayo muuza mashine hawezi kukupigia.

Kwanza, kwa nini jambo hili limekuja juu wakati huu. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kabla ya hapo Serikali ilikwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti ifikapo Januari 31, 2024, na zile za zaidi ya 300 zikapewa hadi Januari 31, 2025. Shule za bweni, magereza, vyuo na hospitali zote zinaguswa.

Upande wa pili ni sisi wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Katika miaka kumi tumezidi maradufu, na kila aliyeongezeka anapika. Kwa nchi nzima, takwimu za Serikali zinasema tunapoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka, na mkaa na kuni ni miongoni mwa sababu, pamoja na mashamba mapya.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mtaa mmoja wa Makanyagio au Kawajense wenye kaya 200, kila kaya watu watano. Hao ni watu 1,000. Katika miji midogo ya kwetu, mtu mmoja hutoa takataka kiasi cha nusu kilo kwa siku, kwa hiyo mtaa mzima unatoa kama kilo 500. Toa mchanga wa kufagia uwanja, plastiki, chupa na nguo kuukuu. Zinazobaki ni kilo 300 hivi za maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, makapi ya miwa na chakula kilicholala. Mpaka hapo mradi unapendeza.

Lakini taka hizo ni mbichi. Ganda la ndizi ukilipima, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Robo tatu au zaidi. Kilo 300 zikikauka vizuri zinabaki kama 75. Kuzigeuza kuwa mkaa kunapunguza tena, kwa kuwa kilo tatu au nne za taka kavu ndizo zinazotoa kilo moja ya mkaa. Unabaki na kilo 20 hivi.

Kilo 20 kwa siku, kutoka kaya 200. Kaya inayopikia mkaa peke yake hutumia karibu kilo mbili kwa siku. Yaani taka za jikoni za mtaa mzima, zikikusanywa zote bila kupotea hata ganda moja, zinaweza kupikia nyumba kumi. Nyumba nyingine 190 zitaendelea na mkaa wa msituni. Hayo ni makadirio ya mezani na mtaa wako unaweza kutofautiana, lakini hata ukiyaongeza mara mbili, picha haibadiliki sana. Na bado hatujamlipa anayesukuma mkokoteni.

Kwa hiyo mradi haufai? Hapana. Unafaa, ila malighafi yake bora si ile ambayo wengi wanaifikiria.

Angalia tena huo mtaa. Kaya 200 zikitumia kilo mbili kila moja, kilo 400 za mkaa wa kawaida zinauzwa humo kila siku. Mkaa tangu unapopakiwa porini hadi unapopimwa kwenye kopo hupondekapondeka, na inakadiriwa kuwa asilimia 10 hadi 15 huishia kuwa chenga na vumbi. Kwa kiwango cha chini kabisa hizo ni kilo 40 kwa siku, mara mbili ya kile tulichokipata kwenye maganda yote, nazo zimekwisha kauka na zimekwisha kuwa mkaa. Hakuna kuanika wala kuchoma. Ni kuchekecha, kuchanganya na kushindilia. Zimelala chini ya magunia kwenye vibanda vya wauza mkaa, na wengi wao huzimwaga. Jijini Nairobi kampuni ya Chardust ilijengwa juu ya vumbi la namna hiyo hiyo. Kuna kichekesho ndani yake, kwamba mkaa mbadala unategemea mkaa ule unaotaka kuuondoa, lakini kwa kikundi kinachoanza, hakuna pa kuanzia palipo rahisi zaidi.

Malighafi ya pili ni magunzi ya mahindi. Gunia kumi za mahindi yaliyopukuchuliwa huacha kama kilo 200 za magunzi, na magunzi makavu hayo hutoa kilo 50 au zaidi za mkaa, wenye majivu machache. Mkulima wa Nsimbo au Mlele mwenye gunia hamsini anaketi juu ya mkaa wa zaidi ya miezi minne wa familia yake, na mara nyingi anauwasha moto shambani ili nafasi iwe wazi. Maganda ya karanga nayo yanafaa vizuri.

Pumba ngumu za mpunga ndizo zinazowadanganya watu. Ukipita kwenye mashine za kukoboa za Kakese na Mwamkulu utaona vichuguu vyake, na akili inakuambia hapa pana utajiri. Kila kilo 100 za mpunga hutoa kama 20 za pumba hizo, kweli. Tatizo ni kwamba kwenye kila kilo tano za pumba, kilo moja ni majivu matupu ambayo hayaungui. Ukizigeuza mkaa, majivu yale yanabaki yote na kinachoungua kinapungua, kwa hiyo unapata kipande kinachowaka kwa unyonge na kujaza jiko majivu. Pumba zinafaa zaidi zikishindiliwa zikiwa hivyo hivyo, bila kuchomwa, na mashine yenye joto inayotumia umeme, zikatoka kama magogo ya kuni. Au zitumike kuchomea matofali, kazi ambayo zinaiweza bila mashine yoyote.

Namna ya kutengeneza si siri. Pipa la lita 200 linatobolewa matundu chini, linajazwa magunzi makavu na kuwashwa. Mwanzoni unatoka moshi mzito mweupe. Ukianza kupungua na kuwa mwepesi, pipa linafunikwa na kuzibwa kwa udongo juu na chini lisipate hewa. Asiyeziba vizuri kesho yake anakuta majivu. Mkaa huo unasagwa, unachekechwa, unachanganywa na uji wa muhogo ili ushikane, kisha unashindiliwa kwa mashine ya mkono au ya mota na kuanikwa siku kadhaa. Uji ni kama kilo tano hadi kumi za unga kwa kila kilo 100 za vumbi. Ukizidisha, mkaa unatoa moshi na harufu ya ugali ulioungulia, na mteja harudi. Udongo wa mfinyanzi ni wa bei nafuu kuliko unga na unashika, lakini kila kipimo cha udongo unachoongeza ni majivu unayomuuzia mtu kwa bei ya mkaa.

Plastiki, mpira, betri na mbao zenye rangi visiingie kamwe kwenye pipa. Moshi wake una sumu kwa anayechoma na kwa anayepika. Na mkaa mbadala, hata uliotengenezwa vizuri, unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu sawa na mkaa mwingine. Jiko halilali chumbani na watu.

Ugumu mkubwa kuliko yote uko sokoni. Mkaa wa taka unashindana na bidhaa ambayo mwenye nayo hakuipanda. Anayechoma mkaa porini halipi miaka ishirini ambayo mti ulitumia kukua. Analipa jasho lake, usafiri, na ushuru kama amepitia kwa watu wa TFS. Akipita njia za panya hata huo halipi. Wewe mwenye mkaa wa taka unalipia kukusanya, kutenganisha, kuanika, unga, umeme na marejesho. Halafu kipande chako, kilo kwa kilo, kwa kawaida kina moto pungufu kuliko mkaa wa miti migumu. Kinawaka taratibu na kwa muda mrefu, jambo ambalo mpika maharage na makande atalipenda, lakini mama ntilie mwenye foleni ya wateja wa chai asubuhi hatalivumilia.

Wenzetu wa Kongo waliyaona haya. Julai 2007 gorila kadhaa wa milimani waliuawa kwa risasi katika Hifadhi ya Virunga, na mauaji hayo yakahusishwa na biashara ya makala, kama wanavyouita mkaa kule, iliyokuwa inakula msitu wa hifadhi ili kulisha Goma. Hifadhi ikaanzisha mpango wa mkaa mbadala, ikavipa vikundi mashine za mkono za kushindilia majani na taka za mazao, na sehemu ya mzigo ilikusudiwa kambi za waliokimbia vita, ambako mnunuzi alikuwa shirika. Baadaye hifadhi ilielekeza nguvu kubwa kwenye umeme wa maji, ukiwemo mtambo wa Matebe wa megawati 13 uliokamilika mwaka 2015. Vipande vya taka peke yake havikuweza kuuondoa mkaa kwenye mji mkubwa kama Goma.

Naivasha, Kenya, kampuni ya Sanivation ilianza kwa kugeuza kinyesi cha vyooni na mabaki ya mimea kuwa vipande vya kupikia majumbani. Leo inatengeneza pia magogo makubwa ya kuwashia matanuri ya viwanda. Somo la kibiashara liko wazi: mnunuzi mmoja anayechukua tani anakusumbua kidogo kuliko wanunuzi mia wanaochukua kopo moja moja kwa mkopo.

Hapa kwetu kuna sehemu moja ambapo mizani imeanza kuegemea upande mwingine. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyotunza misitu ya Ntakata vinalipwa kwa biashara ya hewa ya ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, na fedha hizo, mabilioni ya shilingi kwa jumla, zimejenga madarasa na zahanati. Kijiji kinacholipwa kwa mti uliosimama hakimwachii mchoma mkaa aukate bure. Kila msitu unaopata mwenye kuulinda, mkaa wa miti unasogea mbali na bei inapanda, na hapo ndipo mkaa wa magunzi unapoanza kupumua. Kwa maneno mengine, mafanikio ya kikundi cha Mpanda mjini yanategemea sana kile ambacho serikali za vijiji na TFS wanakifanya porini, kuliko ubora wa mashine yenyewe.

Wapo wanaouliza: kwa nini tusizalishe umeme kabisa tukauzia TANESCO? Addis Ababa walijenga mtambo wa Reppie, uliozinduliwa Agosti 2018, wa megawati 25, uliosanifiwa kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku. Kwa kipimo chetu cha nusu kilo kwa mtu, Mkoa wa Katavi wote, kuanzia Karema hadi Inyonga, unatoa kama tani 576, nazo zimetawanyika kwenye vitongoji visivyo na hata gari la taka. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na mpango wa Takagas miaka ya 1990, wa kupata umeme kutokana na gesi ya taka za jiji, na umeme huo haukuja. Wanaofanikiwa kuiuzia TANESCO umeme wa mabaki ni kama kiwanda cha sukari cha TPC Moshi kwa makapi ya miwa na TANWAT ya Njombe kwa mabaki ya miti, ambao taka zao zinarundikana zenyewe mlangoni mwa kiwanda. Sisi tungeanza kwa kulipa wa kuzifuata.

Biogesi ni habari nyingine. Mabaki ya chakula yaliyo mabichi, yale yale yanayotusumbua kwenye mkaa, ndiyo inayoyataka, hasa yakichanganywa na kinyesi cha ng'ombe, na ng'ombe Katavi hawajakosekana. CAMARTEC ya Arusha imesimamia ujenzi wa maelfu ya mitambo ya namna hiyo nchini tangu mwaka 2009. Lakini gesi hiyo haijazwi kwenye mitungi kirahisi ikauzwa gulioni. Inatumika hapo hapo ilipo, kwa hiyo inamfaa mwenye hoteli, shule au zizi la jirani, na si kikundi kinachotaka kuuza. Faida ya ziada ni tope linalotoka, ambalo ni mbolea.

Turudi kwa mnunuzi. Shule ya bweni iliyoagizwa kuacha kuni ina njia chache. Gesi ya mitungi inasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda na bei yake inasafiri nayo. Mkaa mbadala wa STAMICO, unaoitwa Rafiki Briquettes, unatokana na makaa ya mawe na nao unatoka mbali, ingawa shirika hilo lina nguvu ya kuzalisha kwa wingi na limekwisha ingia kwenye mpango wa kuhamisha magereza kwenye nishati safi. Msiudharau ushindani huo. Kilicho mikononi mwa kikundi cha Mpanda ni ukaribu: hakilipi lori la zaidi ya kilomita elfu moja.

Shule ya Serikali hainunui kwa kupelekewa gunia mlangoni. Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa NeST, na sheria inatenga asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi ya kila taasisi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka nafasi hiyo kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kinasajiliwa, kisha kinaingizwa kwenye mfumo. Ni vikundi vichache vinavyofanya hivyo kabla ya kununua mashine, wakati mpangilio unapaswa kuwa huo: kwanza mnunuzi, kisha malighafi, mashine mwisho. Nendeni kwa mkuu wa shule na kwa mpishi wake. Muulizeni anatumia magunia mangapi kwa mwezi, sufuria zake zina ukubwa gani na jiko lake ni la namna gani, maana jiko lililojengwa kwa kuni halipokei vipande vya mkaa bila kurekebishwa. Nunueni mkaa mbadala kidogo kwa mtu mwingine na mkaa wa kawaida wa hela ile ile, mpikie maharage kilo ile ile mbele yake, mkiangalia saa.

Ulizeni pia taka ni za nani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa, na pale manispaa inapokuwa na mzabuni wa kuzoa, kikundi kinahitaji makubaliano ya maandishi. Muuza mkaa anayemwaga vumbi bure leo ataweka bei siku atakapokuona unalipakia. Patana naye mapema, kwa miezi sita au mwaka.

Na kuna mvua. Katavi mvua zinaanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo hakuna kuanika nje. Magunzi yaliyorundikwa bila kufunikwa yanaota ukungu, na vipande vibichi vinamomonyoka. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo mkaa wa msituni unaadimika, kwa kuwa njia hazipitiki na matanuri ya porini yanazimika, na bei mjini inapanda. Kikundi chenye bati juu na mzigo mkavu ndani kitauza Januari kwa bei ambayo Agosti isingewezekana. Kisicho navyo kitakuwa kinaandika barua ya kuomba kusogezewa marejesho. Kwa hiyo kwenye andiko la mkopo, kabla ya mstari wa mashine, wekeni mstari wa banda la kukaushia na kuhifadhia, na ombeni marejesho yaanze baada ya msimu wa kwanza wa mauzo. Kama fedha haitoshi vyote viwili, mashine ya mkono inatosha kuanzia.